Macho Aliyolipwa Kuyatazama

Kope alikuwa amekaa uso kwa uso na mwanaume mwingine, na Fundi hakuwa na pa kuyapeleka macho yake.

Kati yake na wao kulikuwa na ukuta wa kioo. Upande wake kulikuwa na meza yake ya kazi, kompyuta yake na kikombe cha chai iliyopoa. Upande wa pili kilikuwa chumba kidogo cha kusomea, chenye meza nyembamba na viti viwili vilivyotazamana. Mgeni alisoma kwenye kompyuta iliyowekwa chini kidogo ya kidevu, isimzibe uso, na Kope alikaa ng'ambo ya meza akimtazama machoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na alilipwa mshahara kwa ajili hiyo.

Kampuni yao ilikuwa inatengeneza tovuti ya vitabu, watu wasome hadithi na masomo kwenye simu na kompyuta. Fundi ndiye aliyeijenga. Swali lililobaki lilikuwa sura ya kurasa: ziwe nyeupe zenye herufi nyeusi, au nyeusi zenye herufi nyeupe? Jibu lilikuwa machoni mwa wasomaji, na Kope, aliyesomea mambo ya macho chuoni, ndiye aliyeajiriwa kulichimbua. Msomaji aliyestarehe hupepesa kope kama anavyopumua, bila kujua. Anayeumia hukunja uso, hukodoa, husahau kupepesa mpaka jicho linakauka, kisha hulifikicha kwa kidole. Kope aliyaona hayo yote na kuyaandika. Ndipo wenzake kazini wakamwita Kope, na jina likamganda hata kwa Fundi, aliyekuwa mchumba wake.

Siku nyingine Fundi aliipenda kazi hiyo. Leo aliichukia, kwa sababu aliyekaa kwenye kiti cha msomaji alikuwa Mtangazaji, yule wa kipindi cha jioni redioni.

Mtangazaji alikuwa na mabega mapana, shati lililonyooka, na macho makubwa ya kulegea kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Alikuwa amekuja kusoma kwa mara ya tatu. Wengine waliitwa mara moja tu. Fundi alimwona Kope akiinamisha kichwa kidogo, akisogeza kiti, akiyatazama yale macho bila kuyabandua yake. Kwa muda gani? Fundi hakutaka kutazama saa. Alijua tu kwamba yeye hajawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, hata na huyo Kope ambaye yeye mwenyewe alimvisha pete.

"Yule si ndiye?" sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa Shangazi, amebeba koti la Fundi lililotoka kwa fundi cherehani. Keshokutwa, Jumamosi, walikuwa waende kwa wazazi wa Kope kupeleka posa, na Shangazi ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara. Ndiye aliyemlea Fundi tangu mama yake alipofariki, na neno lake lilikuwa zito kwake kuliko la bosi.

"Ndiye, Shangazi."

"Na yule mwanaume?"

"Msomaji. Anapimwa."

"Anapimwa nini, uzito?"

"Macho, Shangazi. Tunataka kujua ukurasa gani haumchoshi."

Shangazi alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Alitazama, akafuta ukungu wa pumzi yake, akatazama tena.

"Mimi na mume wangu," alisema hatimaye, "tumezaa watoto wanne, na hatujawahi kutazamana hivyo hata siku ya harusi."

"Ni kazi tu."

"Hata mwizi anakwenda kazini." Aliliweka koti juu ya kiti taratibu, kama mtu anayeweka mzigo ambao hana hakika kama ni wake. "Macho hayana pazia, mwanangu. Mimi nimeona. Jumamosi nitafungua mdomo mbele ya wazee wa watu niseme nini? Tumeliona ua bustanini mwenu, ila tumekuta nyuki ameshafika?"

"Shangazi, tafadhali."

"Simsemi vibaya. Nakuuliza wewe. Uso wako nimeuona kabla sijauona wake. Umekunja ndita hapo kama mtu anayemeza dawa. Kama huna shaka naye, unachungulia nini?"

Fundi alisogeza kikombe cha chai pembeni.

"Nakwenda sokoni," Shangazi akasema. "Nitakupigia. Ukiniambia twende, tutakwenda, na nitamsifu mpaka baba yake aone haya. Lakini ukisita, hata kwa pumzi moja, nitajua, na safari nitaivunja mimi mwenyewe. Sitapeleka posa ya mtu mwenye shaka. Nyumba haijengwi hivyo."

Akaondoka. Fundi alibaki na koti.

Mlango wa chumba ukafunguka. Mtangazaji alitoka akicheka jambo ambalo Fundi hakulisikia, na jambo hilo lilimuuma kwa sababu hiyo hiyo.

"Fundi wangu," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza kidogo, sauti iliyozoea kuingia majumbani mwa watu bila kubisha hodi. "Ule ukurasa wako mweupe unaunguza, bwana. Ni kama kumulikwa na taa za gari. Lakini ule mweusi, aa, ule nitasoma mpaka nisahau kula."

"Tumekusikia."

"Na huyu dada yenu ana macho ya kumtoa nyoka pangoni. Mumewe ana kazi kweli."

"Hajaolewa," Fundi akasema, akitaka kuongeza kwamba anaolewa na yeye. Lakini yule akawahi.

"Ehee. Asante kwa taarifa." Akampiga begani kirafiki, akaenda zake akipiga mluzi.

Fundi aliuma meno. Alikuwa amemfungulia mwizi mlango na kumwonyesha na kabati.

Kope aliingia na karatasi zake mkononi. Alikuwa na uso mwembamba na kope ndefu, ambazo wenzake walisema ndizo hasa zilizompa jina. Leo alionekana amechoka, lakini Fundi aliutafsiri uchovu huo kwa njia yake.

"Mtangazaji amestarehe kwenye mweusi," Kope akasema. "Lakini yule mama mshonaji wa jana, herufi nyeupe zilimtawanyikia. Kila herufi aliiona ina ukungu pembeni. Nilimwekea mweupe, akasoma kama anakunywa maji. Kwa hiyo wote wana haki. Tuweke kile kitufe, kila mtu achague mwenyewe. Na ule mweusi usiwe mweusi tii, uwe kama makaa, herufi nazo zipunguzwe ukali kidogo."

"Hakuna kitufe."

"Si ulisema jana unaanza kukitengeneza?"

"Jana ilikuwa jana. Bosi ameniachia mimi uamuzi. Jumatatu tunafungua, na tunafungua na mweupe peke yake. Kitabu ni karatasi nyeupe na wino mweusi."

"Na watakaoumia?"

"Watakaoumia wasikilize redio."

Kope aliweka karatasi mezani. "Redio imeingiaje hapa?"

"Wewe ndiye unayejua." Sasa maneno yalikuwa yanakuja yenyewe, na Fundi hakuyazuia. "Kila jioni kipindi chake kikianza, wewe unaniaga. Mara umechoka, mara unaweka simu chini. Nakutumia ujumbe, unakaa bila kusomwa. Niambie ukweli, unamsikiliza?"

Alitegemea akane. Alikuwa amejiandaa kwa kukana.

"Namsikiliza," Kope akasema.

Fundi alihisi kama amekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Basi usiniambie unawatetea wasomaji. Unamtetea yeye. Mweusi ni wake. Kitufe ni chake."

"Umeshaanza."

"Mimi hujawahi kunipima, Kope. Hata siku moja. Wageni wa barabarani wanakaa pale unawatazama mpaka ndani ya roho. Mimi nina nini?"

"Wewe hupimwi na mimi. Unajua sheria ya chumba kile. Mtu hapimwi na anayempenda. Ukitazamwa na unayempenda, kope zinakuchanganya, unapepesa ovyo, mara unasahau kabisa. Vipimo vinaharibika." Alivuta karatasi moja akaisukuma mbele yake. "Ukitaka kujua habari za Mtangazaji, soma. Kwenye mweusi anapepesa taratibu, sawasawa, mara zote tatu; ndiyo maana namwita tena, niwalinganishe wengine naye. Kwake mimi ni ukuta wenye kalamu."

Fundi aliitazama karatasi. Ilikuwa kweli. Angeweza kuishia hapo. Lakini wivu ni kama jino bovu, ulimi haukomi kulirudia.

"Hayo ni macho yake," akasema. "Ya kwako nani anayapima?"

Kope alimtazama kwa muda, kisha akageuka na kuelekea kwenye kile chumba. Hakukaa kwenye kiti chake cha siku zote. Alikaa kwenye cha msomaji.

"Njoo," akasema. "Nipime."

Fundi alimfuata. Aliinamia kompyuta, akafungua ukurasa mweupe, mweupe wake, aliouhangaikia kwa miezi. Kisha akapandisha mwanga mpaka juu kabisa, maana alitaka kuona vizuri. Uso wa Kope uliwaka kama umemwagiwa unga. Mdomo wake ulifunguka kidogo, ukafungwa.

"Soma," Fundi akasema.

Kope akaanza kusoma kimyakimya.

Mwanzo Fundi alisahau alichokuja kutafuta. Hakuwahi kujua kwamba jicho la kushoto la Kope lina doa dogo la kahawia kwenye weupe wake. Hakujua kwamba akisoma neno refu, kope za chini hutetemeka. Yote haya Mtangazaji angeweza kuyaona kwa kuinua tu macho yake kutoka kwenye maandishi. Wazo hilo likamrudisha kwenye hasira.

Akaanza kumtazama kama mpelelezi. Akaona macho ya Kope yakipunguza kupepesa, kisha yakaacha. Yakawa membamba. Mkono wake ulipanda mpaka pembeni ya paji la uso, ukashuka, ukapanda tena. Halafu chozi likatoka jicho la kushoto, likafuatwa na jingine, na Kope akageuza uso.

"Kwa hiyo ni kweli," Fundi akasema polepole.

"Nini kweli?"

"Umeshindwa kunitazama. Unalia."

"Silii. Zima hiyo kompyuta."

"Sema kwanza."

"Izime, tafadhali."

"Nitaizima ukishaniambia kuna nini kati yako na—"

"Naona nusu ya uso wako tu," Kope akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, wala haikuwa na hasira. "Upande mmoja umepotea. Zima."

Fundi alizima. Aliinuka upesi mpaka kiti kikaanguka. Akazima taa ya chumba, akavuta pazia la dirisha, akashusha na lile la ukuta wa kioo. Giza likaingia, giza la mchana lenye mistari ya mwanga pembezoni. Kope alikuwa amelaza kichwa juu ya mikono yake mezani.

"Nimwite nani? Twende hospitali?"

"Usimwite mtu. Ni kipandauso. Daktari wangu anakijua. Dawa iko kwenye mkoba."

Alimletea dawa na maji. Kope alimeza akiwa amefumba macho, akarudisha kichwa mezani. Fundi alikaa sakafuni karibu na kiti chake, maana viti vyote aliviona virefu mno.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu shuleni. Kilikuwa kinakuja kwa nadra. Tangu nianze kukusomea kurasa zako jioni, kinakuja mara kwa mara. Mwanga mweupe ukinikuta nimechoka, ndio mlango wake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungejiona ulivyokuwa ukiniuliza. 'Umeuonaje mweupe wangu?' Kama mtu anayemwonyesha mwenzake mtoto mchanga. Ningesema mtoto ananiumiza?" Alivuta pumzi. "Na hapa kazini. Mpima macho mwenye macho yake mwenyewe mabovu, nani atamweka? Kwa hiyo nikasema nitetee kitufe kwa jina la wasomaji, na mimi nijifiche humo humo."

Fundi alifunika uso kwa viganja. Mweusi haukuwa wa Mtangazaji. Ulikuwa wa Kope tangu mwanzo. Na bado, hapo hapo sakafuni, lile jino likamchoma.

"Na redio?"

Kope alikaribia kucheka, ila kucheka kulimuuma. "Wewe huachi."

"Siwezi kuacha. Niambie."

"Redio haina mwanga. Kichwa kikishika siwezi kusoma ujumbe, siwezi kutazama simu. Nalala gizani na kitambaa machoni, nataka sauti ya mtu tu, aongee, hata akiongea upuuzi. Yake ilikuwepo. Yako haikuwepo. Wewe hupigi simu. Unaandika, unanitumia picha za kurasa."

Hilo lilimwingia kuliko yote. Angekuwa ameambiwa kwamba yule bwana ana macho mazuri, angevumilia. Lakini jioni zote zile Kope akiwa na maumivu, Mtangazaji alikuwa amekaa kando ya kitanda chake, bila kujua, bila kutaka, kwa sauti tu. Na kiti hicho hakuwa amekiiba. Alikikuta kitupu.

"Nisamehe," akasema.

"Bado." Kope alikuwa hajainua kichwa. "Shangazi yako simlaumu. Nilimwona kwenye kioo. Alipita, akaona, akahukumu, hanijui. Wewe unanijua. Umeona machozi yangu, ukaona hatia. Mimi kazi yangu ni kutazama macho, na sijawahi kuyapima yako hata siku moja ili nijue kama unanipenda. Nilikuwa najua tu. Sasa wewe umenipima, na kipimo chenyewe umekisoma vibaya. Hicho ndicho kinachoniuma. Kichwa kitapoa."

Simu ya Fundi ikaita. Kioo chake kikawaka gizani, Kope akageuzia uso upande wa pili. Fundi akakifunika haraka kwa kiganja, lakini alikuwa ameshaona jina.

"Ni Shangazi. Alisema..."

"Najua watu kama yeye wanasema nini. Pokea. Ongea chini."

Aliisogeza simu sikioni. "Shangazi."

"Sema."

"Twende."

"Umechelewa kupokea. Umesita."

"Nilikuwa natafuta simu gizani."

"Gizani? Mchana huu?"

"Tumezima taa. Kope anaumwa kichwa."

"Mko wawili gizani?"

"Shangazi."

"Nauliza tu. Na yule mwanaume?"

"Jumatatu anarudi kusoma tena."

"Na atatazamwa tena?"

"Atatazamwa. Na mimi roho itaniuma, Shangazi, sikufichi. Lakini nilichokiona kwenye kile kioo nilikileta mwenyewe kutoka nyumbani. Hakikuwa mle chumbani. Naye anaumwa kwa sababu yangu. Kama kuna mtu wa kutiliwa shaka Jumamosi ni mimi. Utawaambia wazee wake tumeliona ua, basi."

Sauti za sokoni zilisikika nyuma ya Shangazi, mtu akigombania bei ya nyanya.

"Kichwa chenyewe cha upande mmoja?" akauliza mwishowe.

"Ndiyo."

"Basi mwache anyamaze, usimjaze maneno. Nitapita kesho nimwone. Nimwone kwa karibu, si kwa kioo."

Akakata.

Fundi aliiweka simu kifudifudi sakafuni. Alijihisi mwepesi, kwa kitambo kidogo sana.

"Umemwambia twende," Kope akasema. "Mimi hujaniuliza."

Kweli, hakuwa amemuuliza. Alikuwa amemshinda Shangazi, na kumbe Shangazi hakuwa ndiye mwenye jibu.

"Nakuuliza," akasema. "Tuje?"

Kope aliinua kichwa taratibu, akafumbua macho kwa shida, akamtafuta gizani.

"Nusu ya uso wako bado haipo."

"Hiyo iliyopo unaionaje?"

"Ina wivu."

"Sana," Fundi akakiri. "Akija Jumatatu nitamwekea mweusi wake na kitufe chake, na bado nitatamani umeme ukatike."

Safari hii Kope alicheka, akashika kichwa, akamlaani kwa kumchekesha. Mkono wake ulishuka kutoka mezani ukatua begani kwake, ukakaa hapo kama ulikuwa unafikiri.

"Wivu niletee mimi," akasema. "Usiupeleke kwa shangazi yako kwanza, wala usiupeleke kwenye kazi yako, wasomaji wakaumia kwa ajili yetu. Ukikuuma, nipigie, uniambie kwa mdomo."

"Nitakupigia."

"Njooni Jumamosi. Lakini kesho jioni, kabla kipindi chake hakijaanza, uwe umeshapiga."

"Nikikosa la kusema?"

"Nisomee," Kope akasema, akalaza tena kichwa. "Kitabu chochote. Nitakuwa nimefumba macho."